Mtoto Arudipo Shuleni, Apimwe kwa Mizani Gani?

Tarehe 17 Machi mwaka wa 2020 Waziri Mkuu alitangaza ya kuwa shule za nchi nzima zinafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watoto wa shule za msingi walikaa nyumbani hata tarehe 29 Juni, yaani siku 104. Wenzetu wa Kenya wengi wao walingoja hata Januari 2021, na wale wa Uganda wengi hata Januari 2022. Kwa hiyo watu husema ya kuwa sisi wa Tanzania tulipata bahati. Pengine ni kweli. Lakini mwalimu hawezi kujua kama darasa lake limepona mpaka amelipima, na juu ya kupima huko tuna neno la kusema leo.

Hatuandiki ili kumlaumu mtu. Kosa tutakalolitaja tulilifanya sisi wenyewe, wala si mara moja. Tena jambo hili halikwisha pamoja na korona. Katika Shinyanga na katika nchi ya dhahabu ya Geita, kila mwaka wako watoto wanaorudi darasani baada ya kukosekana siku nyingi. Huyu alikuwa machungani, yule alifuata wazazi waliohamia karibu na maduara ya dhahabu. Mmoja aliugua, mwingine alijifungua mtoto. Kwa watoto hao likizo ndefu haina tangazo wala haina tarehe ya kufungua. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kuwapokea, maana watakuja tu.

Miezi ile ya 2020 haikuwa miezi ya kukaa bure. Ilikuwa ni wakati wa kuvuna mpunga, kisha pamba. Watoto wenye nguvu walikuwa mashambani, na wengine walikwenda mialoni, mahali ambapo mawe ya dhahabu husagwa na kuoshwa, wakachota maji na kuponda mawe ili wapate chochote. Masomo yalitolewa katika redio na televisheni, nasi twashukuru. Lakini nyumba ya kijijini yenye redio moja, na redio yenyewe ya baba, si darasa. Basi watoto waliporudi hawakuwa wale tuliowaacha mwezi wa Machi, wala hawakuwa sawa wao kwa wao.

Tulifanya nini sisi waalimu? Wengi wetu tulifanya tulilolizoea. Tuliandika maswali, darasa la 5 maswali ya darasa la 5, darasa la 6 maswali ya darasa la 6. Tulisahihisha, tukapanga majina toka wa kwanza hata wa mwisho, tukayasoma mbele ya watoto wote. Kisha tukafungua kitabu pale tulipoishia mwezi wa Machi, tukaendelea na safari. Kazi hiyo tuliiita kupima. Sasa twaona ya kuwa haikuwa kupima, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, mtihani wa namna ile huuliza nani amempita nani. Hilo ni swali la mashindano. Mtu anayetaka kuchagua watoto wachache wa kwenda mbele anaweza kuliuliza; lakini mwalimu aliyepokea watoto wote, naye hana ruhusa ya kumwacha hata mmoja, hana haja nalo siku ile. Haja yake ni kujua kila mmoja ameshika nini na amesahau nini. Kujua ya kuwa mtoto ni wa 61 katika 90 hakumwambii mwalimu aanze na somo gani kesho asubuhi.

Pili, karatasi ya darasa la 5 haina habari ya mtoto aliye chini ya darasa la 5. Watoto wawili wapate sifuri. Mmoja amesahau kugawanya kwa njia ndefu, na siku mbili za kukumbushwa zamtosha. Mwenzake hawezi kuunganisha silabi, naye atahitaji miezi. Karatasi imewaandikia wote wawili alama moja, na mwalimu akiitegemea atawapa wote wawili dawa moja. Mganga afanyaye hivyo tungemkimbia.

Tatu, maswali ya kuchagua jibu huficha ujinga. Swali likiwa na majibu matano, mtoto asiyejua lolote, akibahatisha katika maswali 40, huweza kupata kama 8. Akikaa karibu na mwenzake mwenye akili, atapata zaidi. Jambo hili si la kuwazia tu. Mwaka wa 2012 nchi yetu ilitambua ya kuwa maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa wamepita katika mtihani mkubwa wa darasa la 7, na mtihani haukuwaona. Ikiwa mtihani ule ulishindwa, wa kwetu ulioandikwa usiku mmoja utawezaje?

Nne, majina yakisomwa mbele ya watu, mtoto aliyekuwa na shaka kama arudi shuleni au asirudi hupata jibu lake. Hapo tuna ushahidi wetu wenyewe.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa darasa la 5, wa umri wa miaka 12. Alirudi siku kumi baada ya wenzake, maana alikuwa mwaloni na kaka yake. Katika hesabu alipata 4 katika 50. Jina lake lilisomwa karibu na mwisho, akatazama miguu yake. Keshokutwa yake hakuja, wala siku iliyofuata. Tukaenda kwao jioni. Mama yake alitukaribisha, akatuwekea kigoda, akasema, “Mwalimu, mimi nashangaa. Huyu hesabu anazijua kuliko mimi. Kaka yake humwita kila wanapogawana.”

Tukamwuliza mtoto kwa mdomo tu: “Mwanangu, mifuko 18 ya mawe imetoka shimoni. Mwenye duara anachukua theluthi, na wachimbaji wanne wanagawana inayobaki. Kila mmoja anapata mingapi?” Hatujafunga kinywa, alijibu: “Mwenye duara 6, hao wengine mitatu mitatu.” Ndipo tukamwandikia maneno yale yale katika karatasi, tukampa asome. Akaishika karatasi, midomo ikacheza, akafika neno la tatu akasimama. Alirudi nyuma, akaanza tena, akasimama pale pale.

Basi mtoto yule hakukosa hesabu. Alikosa kusoma swali la hesabu. Sisi tulikuwa tumemwandikia alama 4, tukamtangaza mjinga wa jambo analolijua, na lile asilolijua hatukuliona. Yeye alirudi shuleni, lakini si kwa sababu ya mtihani wetu.

Msomaji asidhani ya kuwa twausifu mwalo kama shule. Mwaka wa 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika migodi midogo ya dhahabu ya Tanzania. Wachunguzi wake walifika Geita, Shinyanga na Mbeya, wakakuta hata watoto wa miaka 8 wakifanya kazi hiyo. Mashimo huanguka. Zebaki, ambayo hutumika kuikamata dhahabu, huingia mwilini kwa mikono na kwa moshi wake inapochomwa, nayo hudhuru akili ya mtoto, yaani chombo kile kile tunachotaka kukifundisha. Hapana, mtoto hapaswi kuwako huko. Lakini akirudi kutoka huko, haki yake ni kwamba tutazame kwa uaminifu alichorudi nacho, kizuri na kibaya, tusimhesabu kuwa ni debe tupu.

Je, iko mizani iliyo bora kuliko ile yetu? Iko, nayo imekuwapo nchini mwetu tangu 2010. Twataka kuitazama vizuri, sifa zake na upungufu wake.

Watu wa Uwezo walianza mwaka ule kuzunguka vijijini na kuwapima watoto nyumbani mwao, wa miaka 7 hata 16. Njia yenyewe ilianzia India, kwa watu wa shirika la Pratham, mwaka wa 2005. Mpimaji huketi na mtoto mmoja peke yake. Humwonyesha silabi, akiziweza, maneno, akiyaweza, aya fupi, akiiweza, hadithi ndogo ya kadiri ya darasa la 2. Kadhalika katika hesabu: kutambua namba, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Pale mtoto anaposimama, hapo ndipo mahali pake, hata awe darasa gani. Kazi huchukua dakika chache.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba kila mtu huiona. Mzazi asiyejua kusoma, akiwa amekaa mlangoni, husikia mwanawe akisita, naye hahitaji kuelezwa alama maana yake nini. Sifa yake ya pili ni kwamba haina mahali pa kubahatisha, maana mtoto husoma kwa sauti, au hasomi. Sifa ya tatu ni kwamba huanzia chini na kupanda, kwa hiyo hata mtoto dhaifu huonekana anajua kitu. Karatasi yetu ya darasa la 5 ilimwambia, “Hujui.” Mizani hii humwambia, “Unajua mpaka hapa.” Kati ya maneno hayo mawili iko tofauti kubwa kwa mtoto anayesitasita mlangoni mwa shule.

Lakini haikosi upungufu, nasi tusiisifu kupita kiasi. Ilitengenezwa kwa kuuonyesha umma hali ya nchi na wilaya zake. Mpimaji huandika, hushukuru, huenda zake; mtoto hubaki vile vile. Kumpima mgonjwa si kumpa dawa. Tena huishia kadiri ya darasa la 2. Mtoto wa darasa la 6 aliyeimaliza hadithi ile bado aweza kuwa amesahau sehemu na desimali zote, na mizani isiseme neno. Tena mtoto wa kijijini akikaa mbele ya mgeni huweza kunyamaza kwa haya tu, na ukimya wake ukahesabiwa ujinga.

Upungufu mwingine ni wa kila mizani ya kusoma, nao hutugusa sana sisi wa huku. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto aliyekariri silabi aweza kuisoma aya nzima pasipo kukwama, wala asijue inasema nini. Nyumbani kwake Kisukuma ndicho hunenwa, au Kisumbwa, au Kizinza. Na kwa siku 104 pengine hakusikia Kiswahili ila cha sokoni. Mwalimu husikia sauti nzuri, akafurahi, akaandika: anajua. Kumbe mtoto alikuwa anapiga ngoma asiyoujua wimbo wake. Dawa yake ni ndogo. Akimaliza kusoma, mwalimu amwulize, “Habari hii inahusu nini? Nieleze,” na amruhusu kueleza hata kwa Kisukuma. Akieleza vema kwa Kisukuma, amesoma. Akirudia maneno ya kitabu tu, bado.

Basi rai yetu ni hii: mwalimu asiwangoje wapimaji wa nje, bali achukue mbegu ya njia yao na kuipanda katika darasa lake. Tumeulizwa mara nyingi, “Darasa langu lina watoto 100. Nitawezaje kuketi na mmoja mmoja?” Tunajibu kwa hesabu. Watoto 100, kila mmoja dakika 5, ni dakika 500. Akiwaita 20 kila siku, wengine wakinakili kazi ubaoni, amemaliza kwa siku 5. Juma moja! Nasi twapoteza juma zima katika kutunga, kusahihisha na kupanga majina ya mtihani usiotuambia kitu.

Aandike katika daftari jina la kila mtoto, na mbele yake maneno machache: amefika silabi, amefika maneno, amefika hadithi, anajumlisha, hajui kutoa kwa kukopa, asoma lakini haelewi. Asiandike namba ya nafasi yake. Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari, na akili za watoto ni mali ya kijiji. Kwa wale wa madarasa ya juu waliopita hadithi, aongeze maswali mawili matatu ya kila somo kuu la mwaka uliopita. Kisha, kwa saa moja kila siku, awapange si kwa darasa bali kwa mahali walipofika: wa silabi pamoja, wa maneno pamoja. Watu wa Pratham wamefanya hivyo India miaka mingi. Asiogope kumketisha mtoto wa darasa la 5 na wa darasa la 3 kwa saa hiyo, ila awaeleze wote mapema ya kuwa hii si adhabu, na kila mwezi awapime tena, wapande waliostahili kupanda.

Mwalimu mwingine atasema, “Muda uko wapi? Mtihani unakuja.” Twamwelewa. Mwaka ule wa 2020 mtihani wa darasa la 7 ulifanywa tarehe 7 na 8 Oktoba, yaani siku 100 tu baada ya shule kufunguliwa. Kila mmoja alikimbia kumaliza kitabu. Lakini na asikie habari ya nchi nyingine. Mwezi wa Oktoba 2005 palitokea tetemeko kubwa la ardhi kaskazini ya Pakistan. Shule za karibu zilifungwa kama majuma 14, yaani karibu sawa na zetu. Baada ya miaka minne wataalamu walirudi kuwapima watoto. Je, walikuta wamepungukiwa majuma 14? La. Watoto wa karibu na mahali pa tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa kadiri ya mwaka mmoja na nusu wa masomo au zaidi.

Upungufu huo ulizidije hali shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa? Wataalamu wenyewe wanaona ya kuwa mafundisho yaliendelea kama kitabu kinavyotaka, na mtoto aliyeachwa nyuma siku ya kwanza hakuelewa somo la siku ya pili, wala la tatu. Kila siku iliongeza deni. Sisi twaliona jambo hili katika nyumba zetu za matope: usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi juma moja la kupima si juma lililopotea.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Mizani yoyote, iwe mbaya au nzuri, humpima aliyekuja. Asiyekuja hana alama. Tukipiga hesabu ya darasa letu na kusema, “Watoto wanaendelea vizuri,” labda ni kwa kuwa wale walio nyuma kabisa hawamo tena. Kwa hiyo jambo la kwanza la kupima baada ya likizo ndefu ni daftari la mahudhurio: majina ya Machi kando ya majina ya Julai. Kila jina lililokosekana ni pengo kuliko sehemu na desimali.

Katika Shinyanga majina hayo mara nyingi ni ya wasichana. Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2010 ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa mkoa huo wenye umri wa miaka 20 hata 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, nao ndio waliokuwa wengi kupita mikoa yote. Zamani msichana wa shule ya Serikali akipata mimba, mlango ulifungwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu alitangaza ya kuwa waweza kurudi. Mlango umefunguliwa; lakini atakayeingia humo baada ya mwaka mmoja au miwili atakuta nini siku ya kwanza? Akikuta karatasi ya mtihani na jina lake likisomwa la mwisho mbele ya wadogo zake, ataona ya kuwa mlango ulifunguliwa kwa mdomo tu. Akikuta mwalimu amemwekea kiti kando, akampa hadithi fupi na kumwambia, “Soma mpaka utakapoweza,” huyo atakaa.

Nanyi wazazi msituachie kazi hii peke yetu. Jioni, baada ya chakula, mwambieni mtoto awasomee aya moja, kisha awaeleze kwa lugha ya nyumbani alichosoma. Hata baba asiyejua herufi aweza kupima hivyo, maana ataona kidole kikisimama, tena ataona kama maelezo yana maana. Akiona shida na aje kwetu bila kuona haya, wala asimpige mtoto. Na akiwa ana mtoto mwaloni, na ajue ya kuwa twamngoja, wala hatutamwuliza kwanza kwa nini amechelewa.

Haya ndiyo maoni yetu. Waalimu wa Kahama, wa Geita na wa kwingineko waliojaribu njia nyingine, hasa katika madarasa makubwa kuliko yetu, na watuandikie, ili tusahihishwe palipo na makosa.